Cheti cha Kifaa na Radi ya Tororo

Kwa miaka mingi kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kiliutaja mji wa Tororo, mashariki mwa Uganda, na haikuwa kwa sababu ya mwamba wake wala saruji yake. Ilikuwa kwa sababu ya ngurumo. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1976, mji huo ulihesabiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kila mwaka. Katika kila siku tatu, basi, mbili zilikuwa za radi ya kusikika. Bogor, katika kisiwa cha Java, iliwahi kuandikiwa siku 322 kati ya mwaka 1916 na 1919, lakini hiyo ilikuwa habari ya miaka michache. Ya Tororo ilidumu muongo mzima.

Wenyeji hawakusubiri kitabu kuwaambia. Mjapadhola wa Nagongera au Msamia wa Lumino anajua kwamba alasiri upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hukutana na ule wa mashariki, na Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, huusukuma juu mpaka mawingu yanajaa upande wa Mbale. Aliyeanika mihogo anaanua. Mwenye kibanda cha kuchaji simu anachomoa nyaya, na wateja wanaanza kuuliza simu zao zimefika asilimia ngapi.

Chini ya mbingu hiyo ndipo lilipo lango la mawasiliano la Uganda. Nchi hii isiyo na bahari hupata sehemu kubwa ya intaneti yake kwa nyaya za faiba kutoka Mombasa, ambako SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009 na EASSy ikafuata mwaka 2010. Nyaya hizo huvuka mpaka hapa, Malaba na Busia. Kandokando ya barabara inayopita Busitema kwenda mpakani, minara ya simu imesimama juu ya mashamba ya mihogo na mawele. Katika mji wa Busia, ambao kwa kweli ni miji miwili yenye mpaka katikati, mfanyabiashara hutembea na laini mbili: M-Pesa ya Kenya, iliyoanza Machi 2007, na pesa za simu za MTN Uganda, zilizoanza mwaka 2009. Analipwa kwa hii, ananunua kwa ile. Mnara ukizimika baada ya radi, soko zima linarudi kwenye noti, na noti zenyewe hazitoshi.

Vifaa vilivyomo katika minara hiyo vina vyeti. Vimepimwa kwa joto, maji, vumbi, mtikisiko, moto na umeme wa ghafla, na ripoti zake ni nene kuliko msahafu. Hata hivyo vinaungua. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba viwango hivyo hupima kifaa kikiwa peke yake maabara, ilhali mtambo wa Busia au Tororo huungulia pale unapoungana na kitu kingine: waya unaoingia, ardhi unaposimama, mita ya stima, nyumba ya jirani. Cheti hupewa kifaa. Mahali penyewe hapapewi cheti na yeyote.

Viwango hivi vina historia, na sehemu yake kubwa imeandikwa kwa moshi. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Februari 1975, moto uliwaka katika chumba cha nyaya chini ya jengo la simu la Second Avenue, mjini New York. Nyaya zilikuwa zimevikwa plastiki ya PVC, ambayo ikiungua hutoa moshi wenye asidi. Mamia ya wazimamoto waliingia katika moshi huo, na baadhi yao waliugua kwa miaka mingi baadaye. Simu zipatazo 170,000 zilinyamaza, na ilichukua zaidi ya wiki tatu kuzirudisha. Kisha tarehe 8 Mei 1988, Jumapili, jengo la simu la Hinsdale karibu na Chicago likashika moto likiwa halina mtu ndani. Wateja wapatao 35,000 walikatiwa, na hata shughuli za uwanja wa ndege wa O'Hare zikavurugika.

Wahandisi wa Bell Labs walikuwa tayari, tangu miaka ya 1970, wameanza kuandika masharti ya vifaa vinavyoruhusiwa kuingia katika majengo ya simu, masharti yanayojulikana kama NEBS. Mioto hiyo iliyapa uzito. Leo hati ya GR-63 inahusu joto, unyevu, moto na mtikisiko. GR-1089 inahusu umeme. Ulaya ina EN 300 019, inayopanga mazingira kwa madaraja. Tume ya kimataifa ya ufundi umeme ina IEC 60529, ambako zinatoka zile herufi IP zinazobandikwa makabatini: katika IP65, 6 inasema vumbi haliingii kabisa, na 5 inasema maji ya kurushwa kwa mpira hayadhuru. IEC 62368-1 inalinda mtumiaji dhidi ya kupigwa na umeme na kuungua. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lina mfululizo wa mapendekezo ya herufi K kuhusu radi na mawimbi.

Ni kazi nzuri, na anayeidharau hajawahi kuona plastiki mbaya ikiwaka. Lakini kila hati inabeba hali ya hewa ya waandishi wake. GR-63 humtaka mtengenezaji atikise kabati lake juu ya meza ya mtetemeko mpaka kiwango cha eneo la 4, ambalo ni California na wenzake. Mnunuzi wa Busia analipia uwezo huo bila kuuhitaji sana. Hati hiyo hiyo inachukulia kwamba chumba cha mitambo kitakaa kati ya nyuzi 5 na 40, na kitavumilia 50 kwa siku chache tu. Aliyeyaandika hayo alikuwa na jengo la matofali, kiyoyozi na mlinzi wa zamu. Kabati la chuma lililosimama juani Malaba halina hata kimoja kati ya hivyo, isipokuwa mlinzi, na mlinzi naye kajificha kivulini.

Kwenye radi mambo yanakuwa magumu zaidi. Ili kujua kinga ipi inafaa, mhandisi anahitaji idadi ya radi zinazopiga ardhi katika kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Pasipo na vipimo, hutumia kanuni inayobadili siku za ngurumo kuwa idadi hiyo. Kiwango cha IEC 62305 kinasema: chukua siku za ngurumo, zidisha kwa 0.1. Kwa Tororo ya Guinness, siku 251 zinatoa radi 25. Kanuni nyingine, iliyotokana na vipimo vya Afrika Kusini na kutumiwa kwa miaka mingi, inazidisha 0.04 kwa siku hizo zilizopandishwa kipeo cha 1.25. Hiyo inatoa radi 40. Mji mmoja, rekodi moja, majibu mawili, na tofauti yake ni zaidi ya nusu ya jibu la kwanza.

Ukisoma IEC 62305 kwa makini unakuta inakiri kwamba kanuni yake ni ya nchi za hali ya hewa ya wastani. Katika tropiki sehemu kubwa ya radi hupigana wingu kwa wingu na haifiki chini, kwa hiyo huenda hata 25 ni nyingi mno. Isitoshe, siku ya ngurumo ni kipimo cha sikio. Siku ambayo ngurumo ilisikika mara moja kwa mbali na siku ambayo radi ilipiga tangu saa nane mpaka magharibi zinaandikwa sawa: moja na moja. Setilaiti zilipoanza kuhesabu mimweko yenyewe, jedwali lilipanguka. Utafiti wa mwaka 2016, uliotumia miaka 16 ya data za setilaiti ya TRMM, uliliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela kileleni kwa mimweko 233 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka, likifuatiwa na Kabare, mashariki mwa Kongo, kwa 205. Hesabu hizo huchanganya radi za mawinguni na zinazofika ardhini. Sifa ya Tororo kuwa bingwa wa ngurumo, basi, imebaki ya masikio, na jirani yake wa Kongo ndiye aliyechukua kombe la Afrika.

Hilo haliupunguzii mnara hatari. Mnara wa mita 45 hukusanya radi za eneo lenye nusu kipenyo cha mara tatu ya kimo chake, yaani mita 135 kila upande, na hiyo ni karibu 0.057 ya kilomita ya mraba. Kwa radi 25, mnara huo utapigwa mara 1.4 kwa mwaka. Kwa radi 40, mara 2.3. Hata nambari hizo zikipunguzwa kwa nusu, mnara utapigwa mara kadhaa kabla vifaa vyake havijazeeka. Nyumba ya kimo cha mita 4, kwa hesabu hiyo hiyo na bila kuhesabu upana wake, hukusanya eneo dogo zaidi ya mara 120.

Radi ya kawaida ina mkondo wa kama ampea 30,000, na kiwango cha juu kabisa cha kinga kimepangwa kwa ampea 200,000. Mkondo huo ukishuka kwenye mnara lazima uingie ardhini, na ardhi hukaidi. Ukaidi huo hupimwa kwa ohmu. Desturi ya viwango ni kutaka ohmu zisizozidi 10. Kampuni nyingi za minara hudai 5. Tuseme fundi amefanikiwa kupata 10. Ampea 30,000 zikipita katika ohmu 10, kitako cha mnara kitapanda hadi volti 300,000 juu ya ardhi ya mbali, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kifaa kilicho ndani ya kabati kilipimwa maabara kwa maelfu machache ya volti. Hapo ndipo cheti na mahali vinapoachana.

Namna ya kunusurika inajulikana tangu zamani. Kila chuma cha mahali hapo hufungwa pamoja: miguu ya mnara, kabati, tangi la jenereta, ua, reli za betri, ngozi za nyaya za antena, na waya wa ethi, yaani wa kwenda ardhini, wa mita ya stima. Vyote vikipanda pamoja hadi volti 300,000, hakuna tofauti kati yake, na pasipo tofauti umeme hauna pa kurukia. Ni kama ndege anayetua kwenye waya wa stima akaruka salama. Balaa huja pale waya mmoja unapoingia kutoka mbali bila kufungwa na wenzake. Waya wa stima unatoka kwenye transfoma iliyo mita 400 huko, na huko ardhi bado ni sifuri. Kwa hiyo volti zote zinakutana ndani ya kifaa kimoja, na kifaa hicho ndicho fundi atakachokikuta kimeungua asubuhi, kikiwa na stika ya ubora mgongoni.

Ndiyo sababu faiba ni rafiki wa mnara: kioo hakipitishi umeme. Lakini faiba nyingi za kuzikwa huvikwa chuma ili panya wasizitafune, na chuma hicho kisipokatwa au kufungwa na ethi mlangoni, kioo kimefanya kazi bure.

Ardhi ya Busia na Tororo haifanani hata kwa hatua mia. Mwamba wa Tororo ni mabaki ya koo la volkano ya kale, na udongo unaouzunguka ni mwembamba. Kuelekea mito ya Malaba na Sio kuna mabonde ya mfinyanzi yenye maji mwaka mzima. Katikati ni murram. Fimbo ya shaba ya mita 3 iliyopigiliwa kwenye udongo wenye ukinzani wa ohmu-mita 100 hutoa takribani ohmu 33. Fimbo hiyo hiyo kwenye ohmu-mita 1,000, kama katika changarawe kavu, hutoa zaidi ya 300. Kufika 10 mahali pa namna hiyo kunahitaji pete ya chuma kuuzunguka mnara, mikono mirefu ya kuzikwa, na nondo za msingi kufungwa humo. Michoro inayoletwa kutoka makao makuu, yenye fimbo nne kila mahali iwe bondeni au mwambani, ni uvivu uliovaa tai.

Mafundi nao wana dawa yao: chumvi na makaa hutiwa shimoni. Siku ya kukabidhi mradi, mita inasoma vizuri na karatasi inatiwa saini. Mvua za Machi na Aprili huichukua chumvi ile, na kilichobaki kinaila shaba. Ukirudi baada ya miaka miwili unakuta fimbo imekonda na ohmu zimepanda. Udongo wa bentonaiti hudumu zaidi, ila unagharimu, na haupatikani dukani Busia kama chumvi inavyopatikana. Halafu kuna wezi wa shaba. Wanajua mahali waya wa ethi ulipo kuliko wakaguzi wanavyojua, na mnara huendelea kufanya kazi bila waya huo kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka siku ya radi. Hii ndiyo kasoro kubwa ya ethi kama kinga: ikikosekana, hakuna taa inayozimika.

Joto na vumbi havina vishindo, lakini vinakula pesa. Betri za risasi zilizofungwa hupoteza kama nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Kabati lililochomwa na jua la saa nane linaweza kuifanya betri ya miaka minane iishe kabla ya miaka mitatu. Upande wa Tororo kuna vumbi la saruji, maana kiwanda kipo tangu miaka ya 1950, na Osukuru kumefanyika kazi za fosfeti. Vumbi la saruji likichanganyika na unyevu hugandamana kwenye vichujio vya feni. Kabati la IP65 halipitishi vumbi, ndiyo, lakini pia halipitishi joto kutoka; fundi anayelitoboa ili lipumue ameubatilisha muhuri mzima kwa msumari mmoja. Mjusi anayetafuta joto juu ya bodi ya umeme hajasoma kiwango chochote.

Betri zinaleta swali la mazingira kwa maana yake ya pili: si tena mazingira yanavyodhuru kifaa, ni kifaa kinavyodhuru mazingira. Kila mnara una betri zenye risasi na asidi, na wengi wanajua bei ya kilo ya risasi. Mfano wa kutisha uko Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri zilizochakaa kilifanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014. Watoto walikutwa na risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyeanzisha mapambano ya kukifunga, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Ardhi na Mazingira iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hati za usalama wa vifaa husema mengi kuhusu betri inapokuwa kabatini na machache kuhusu betri inapopakiwa kwenye pikipiki usiku.

Nani basi anakagua? Kampala kuna Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, na Shirika la Viwango, UNBS. Nairobi kuna Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na KEBS. Mamlaka za mazingira za nchi zote mbili zina jina moja, NEMA, na sheria zake: ya Kenya ya mwaka 1999, ya Uganda iliyoandikwa upya mwaka 2019. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha sheria ya viwango, ubora na vipimo mwaka 2006 ili bidhaa isipimwe mara mbili. Bidhaa za nje hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini: Kenya ilianza utaratibu huo mwaka 2005, Uganda mwaka 2013. Na tangu tarehe 24 Februari 2018, Rais Museveni na Rais Uhuru Kenyatta walipozindua kituo cha pamoja cha mpaka Busia, maafisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja.

Mlolongo huo unakamata kontena la redio za kampuni kubwa, ambalo kwa kawaida halikuwa na kasoro. Hauwezi kukamata chaja, betri ndogo za sola na vikinga umeme vinavyovuka kwa njia za panya, vichochoro vinavyopita nyuma ya nyumba zenye jiko Kenya na choo Uganda. Kikinga umeme bandia ni hatari ya namna ya pekee. Kimeandikwa kwa nje kwamba kinahimili ampea 40,000. Ndani yake kuna kisahani kidogo kisichohimili hata theluthi ya hapo, na mnunuzi hana njia ya kukijaribu isipokuwa kwa radi yenyewe.

Na hata kifaa halali kikishavuka, ukaguzi umefikia kikomo chake. UCC hutoa idhini kwa aina ya kifaa. NEMA hupitia taarifa ya athari kabla mnara haujajengwa. Baada ya hapo, hali ya ethi ya mnara fulani katika mwaka wake wa saba ni siri kati ya kampuni ya mnara na mkandarasi wake. Minara mingi ya Uganda haimilikiwi na kampuni za simu zenyewe: MTN iliiuza ya kwake kwa ubia na American Tower kuanzia mwaka 2012, na American Tower ikainunua Eaton Towers mwisho wa mwaka 2019. Mwenye redio si mwenye mnara, mwenye mnara si mwenye ardhi, na anayechimba shimo la ethi ni mkandarasi wa mkandarasi. Katika mpangilio kama huo, waya unaoviunganisha vitu vya watu wanne ndio hukosa mwenyewe.

Mikutano ya vijiji kuhusu minara, kwa upande wake, hutawaliwa na hofu nyingine kabisa: mionzi. Inastahili jibu. Tume ya kimataifa ya ICNIRP imeweka kikomo cha wati 4.5 kwa mita ya mraba kwa umma katika masafa ya megahezi 900, na 9 katika 1,800. Vipimo vilivyofanywa chini ya minara katika nchi nyingi hukuta sehemu ndogo sana ya vikomo hivyo, kwa kuwa antena hurusha mawimbi kwa mbele kama kurunzi, si kwa miguuni pake. Aliye hatarini ni fundi aliyepanda na kukaa mbele ya antena iliyo kazini, na hata huyo adui yake mkubwa ni kuanguka. Sheria za usalama kazini, ya Uganda ya mwaka 2006 na ya Kenya ya mwaka 2007, zinamdai mwajiri ampe vifaa vya kujikinga. Mkanda uliooza kwa jua na jasho nao ni kifaa cha mawasiliano kilichopitwa na muda, ingawa hakuna orodha ya vifaa inayoutaja.

Hofu ya pili ya wanakijiji iko karibu zaidi na ukweli: kwamba mnara unavuta radi. Mnara hauongezi mawingu. Unachukua radi ambayo ingepiga mahali pengine ndani ya zile mita 135, na kwa hilo unawakinga walio karibu. Kinachofuata ndicho cha kuogopwa. Mkondo ukitawanyika ardhini, volti hupungua kadiri unavyokwenda mbali, na anayesimama na mguu mmoja mbele na mwingine nyuma ana volti tofauti kwa kila mguu. Ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana kwa zaidi ya mita moja na moyo wake uko katikati ya njia hiyo, hufa mahali ambapo mchungaji wake anaponea. Kumfunga mbuzi kwenye ua wa chuma wa mnara, jambo la kawaida kabisa, ni kumfunga kwenye radi. Na jirani aliyejiunganishia stima kutoka kwenye laini ya mnara amenunua, pamoja na mwanga, sehemu ya kila radi inayoupiga.

Simu ya mkononi yenyewe, iliyo mfukoni, haivuti chochote. Simu iliyochomekwa ukutani wakati wa mvua ni habari nyingine, kwa kuwa waya wake unafika mpaka kwenye nguzo za stima.

Uganda imelipa bei ya radi kwa maisha ya watoto. Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya wilayani Kiryandongo, radi moja iliua wanafunzi wasiopungua 18 pamoja na mwalimu. Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek wilayani Lamwo, watu 14 waliokuwa wamekusanyika kwa ibada waliuawa. Mtandao wa ACLENet, wenye makao Kampala, umekuwa ukifunga kinga za radi katika shule za nchi hii na kufundisha walimu. Linganisha hapo: mnara ulio nje ya ua wa shule una fimbo kileleni, waya wa kushukia na pete ya chuma ardhini, vyote kwa ajili ya redio za kampuni, ilhali darasa lenye watoto 80 lina bati na mbao. Sharti la kwamba kila mwenye kibali cha mnara ndani ya mita mia chache za shule aifungie shule hiyo kinga, na aziunganishe ethi za majengo hayo kwa uhandisi sahihi, lingegharimu sehemu ndogo ya bei ya mnara. Jirani angepata kitu kutoka kwenye mnara zaidi ya kodi ya kiwanja anayolipwa mwenye shamba.

Chuo Kikuu cha Busitema kipo mahali panapofaa kwa kazi inayokosekana. Kilianzishwa mwaka 2007 katika viwanja vya chuo cha zamani cha taifa cha zana za kilimo, na kitivo chake cha uhandisi kinafundisha umeme, kompyuta, madini na maji, fani nne ambazo tatizo la ethi linazihitaji zote. Kinachohitajika kwanza hakitaki fedha nyingi. Mita ya ukinzani wa udongo yenye vijiti vinne, waya, na wanafunzi wawili wawili wanaweza kupima kuanzia mabonde ya Sio mpaka miguuni pa mwamba wa Tororo, na kutoa ramani ambayo kila mkandarasi angelazimika kuitazama kabla ya kunakili mchoro wa makao makuu. Kinachohitajika pili ni idadi halisi ya radi zinazofika ardhini. Vitambuzi vya redio vinne au vitano, vikigawanywa kati ya Busitema, Nagongera, Mbale na upande wa Kenya, vingeweza kumaliza ubishi kati ya 25 na 40.

UCC na mwenzake wa Nairobi wangeweza kufanya jambo jepesi zaidi: kuweka katika leseni sharti la kupima ethi ya kila mnara mara moja kwa mwaka na kuchapisha matokeo, mnara kwa mnara, kama zinavyochapishwa takwimu za ubora wa mtandao. Kampuni zitasema zinapima tayari, na baadhi zinapima kweli. Lakini mwezi wa kupima una maana kubwa. Ethi iliyopimwa Mei, udongo ukiwa umelowa, itafaulu karibu kila mahali, hata yenye fimbo moja na gunia la chumvi. Kipimo cha haki ni cha Februari, murram ikiwa imekauka na kupasuka, wiki chache kabla ya mvua kubwa na radi zake.